Chaji Isiyohama: Mada Zisizo na Mpangilio na Chimbuko la Mashine ya Fotokopi

Historia ya mashine ya fotokopi kwa kawaida husimuliwa kama habari za mtu mmoja, Chester Carlson wa Marekani, aliyekataliwa na kampuni zaidi ya 20 kabla ya uvumbuzi wake kumtajirisha. Ndani ya habari hizo, hata hivyo, imo historia nyingine iliyo ndefu zaidi na isiyojulikana sana, nayo ni ya chaji ya umeme inayokaa juu ya uso wa mada zisizo na mpangilio wa ndani, yaani vitu kama kioo, kaharabu na ulimbo. Mada hizo zilitumika kuhifadhi umeme kwa zaidi ya karne mbili, zikaundiwa mashine, zikazaa biashara kubwa duniani, na ndipo baadaye wanafizikia walipopata nadharia ya kueleza kwa nini chaji iliyowekwa juu yake haiondoki mahali pake.

Mada ngumu nyingi, kama vile chumvi, almasi na metali, ni fuwele, kwa maana kwamba atomi zake zimejipanga katika safu zinazojirudia kwa utaratibu ule ule kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mada amofasi ni zile ambazo atomi zake zimeshikamana sawasawa na za mada ngumu yoyote, lakini hazina safu za namna hiyo: kila atomi ina majirani walio karibu nayo kwa umbali unaotabirika, ila ukisogea atomi chache mbele utaratibu unapotea. Kioo cha dirisha ndicho mfano unaojulikana zaidi, nacho hupatikana kwa sababu kimiminika chake hupoa na kuganda kabla atomi hazijapata nafasi ya kujipanga. Chaji ya uso, kwa upande wake, ni ziada au upungufu wa elektroni uliokaa juu ya uso wa kitu badala ya kuenea ndani yake, na msongamano wa chaji ya uso ni kiasi cha chaji hiyo kikigawanywa kwa eneo, ambacho hupimwa kwa kulombi kwa kila mita mraba.

Kaharabu, kioo na ulimbo

Wagiriki wa kale walijua kwamba kaharabu iliyosuguliwa huvuta vipande vya majani makavu. Mwaka 1600 tabibu wa Uingereza, William Gilbert, alionyesha katika kitabu chake kuhusu sumaku kwamba kaharabu haikuwa peke yake, kwani kioo, salfa na aina mbalimbali za ulimbo zilikuwa na tabia hiyo hiyo. Sandarusi, ambayo pwani ya Afrika Mashariki iliiuza kwa wingi ng'ambo katika karne ya 19 kwa ajili ya kutengenezea vanishi, ni ya ukoo huo, kwa sababu nayo ni ulimbo amofasi ambao ukisuguliwa kwa kitambaa huvuta vitu vyepesi.

Mwaka 1729 Stephen Gray, aliyekuwa Mwingereza, aligundua kwamba umeme husafiri katika baadhi ya vitu na kukataa kusafiri katika vingine, na hapo ndipo ilipoanza tofauti kati ya vipitishi, kama metali, na vihami, kama kioo. Miaka minne baadaye Mfaransa Charles du Fay alitangaza kwamba umeme uko wa aina mbili, akauita mmoja wa kioo na mwingine wa ulimbo, majina yaliyodumu hadi Benjamin Franklin alipoleta lugha ya chanya na hasi. Mada mbili amofasi, kwa hiyo, ndizo zilizokuwa kipimo cha kwanza cha kutofautisha aina za chaji.

Franklin mwenyewe alipiga hatua nyingine mwaka 1748 alipochunguza chupa ya Leiden, chombo cha kioo chenye maji ndani na kipitishi nje, kilichobuniwa miaka michache kabla yake kwa ajili ya kuhifadhi umeme. Aliyamimina maji yaliyokuwamo ndani ya chupa iliyochajiwa, akatia maji mengine yasiyo na chaji, na bado chupa ikatoa mshtuko, jambo lililomfanya akate shauri kwamba nguvu ile haikuwa katika maji bali katika kioo chenyewe.

Katika miaka ya 1780 Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi Mfaransa ambaye kipimo cha chaji kinaitwa kwa jina lake, alianza kuupima msongamano wa chaji kwa kugusa sehemu mbalimbali za metali kwa kisahani kidogo na kulinganisha chaji kiliyoichukua. Aligundua kwamba chaji ya metali hukaa usoni tu, na kwamba msongamano wake huongezeka kwenye ncha na kupungua kwenye sehemu bapa. Mwaka 1812 mwanahisabati Siméon Denis Poisson akatoa hesabu za kutabiri mgawanyo huo. Hesabu hizo zilifaa kwa metali kwa sababu chaji zilizo juu ya kipitishi husukumana na kusogea hadi zitulie, hivyo kwamba ukijua umbo la kitu na jumla ya chaji yake umejua kila kitu. Juu ya kioo au ulimbo chaji hazisogei, na kwa hiyo msongamano wake hauamuliwi na umbo bali na yaliyoupata uso huo: mahali uliposuguliwa, mahali ulipoguswa na mahali cheche ilipopita. Kwa wanahisabati huo ulikuwa ufukara, maana hapakuwa na cha kukokotoa. Kwa yeyote aliyetaka kuandika kitu kwa umeme, huo ulikuwa utajiri.

Vumbi la Göttingen

Mtu wa kwanza kuuona utajiri huo alikuwa Georg Christoph Lichtenberg, profesa wa fizikia katika mji wa Göttingen nchini Ujerumani. Mwaka 1777 alikuwa akitumia elektroforo, chombo chenye kitalu kikubwa cha ulimbo ambacho husuguliwa ili kizalishe chaji, na wakati kitalu hicho kilipokuwa kikilainishwa vumbi la ulimbo lilitapakaa chumbani. Vumbi hilo liliposhuka juu ya ulimbo halikutanda sawasawa, bali lilikusanyika katika sura za nyota na matawi mahali cheche zilipokuwa zimepiga.

Lichtenberg alifahamu kwamba sura hizo zilikuwa ramani ya chaji isiyoonekana kwa macho. Aligundua pia kwamba chaji chanya huacha matawi yanayotawanyika ilhali chaji hasi huacha miduara isiyo na matawi, na kwamba vumbi hilo likigandamizwa kwa karatasi yenye gundi sura yote huhamia kwenye karatasi. Hatua tatu za msingi za fotokopi, yaani kuweka chaji juu ya kihami, kuidhihirisha kwa unga na kuuhamishia unga huo kwenye karatasi, zilikuwa zimekamilika miaka 161 kabla ya Carlson. Kilichokosekana kilikuwa namna ya kuiamuru chaji ikae pale tu yanapotakiwa maandishi, na jibu lake lilikuwa mwanga.

Seleni na sura zake mbili

Seleni ni elementi iliyogunduliwa nchini Sweden mwaka 1817 na mwanakemia Jöns Jacob Berzelius. Mwaka 1873 Willoughby Smith, mhandisi wa umeme wa Uingereza aliyehitaji vipande vyenye ukinzani mkubwa kwa ajili ya kupimia nyaya za telegrafu zinazopita chini ya bahari, alitangaza kwamba fimbo zake za seleni zilikuwa zikibadilika tabia: zikifunikwa gizani ukinzani ulipanda, zikimulikwa ulishuka. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa sayansi kukutana na mada inayopitisha umeme zaidi inapopata mwanga.

Seleni ya Smith ilikuwa ya kijivu, ambayo ni fuwele na hupitisha umeme kiasi hata gizani. Ipo seleni nyingine, amofasi, ambayo hupatikana seleni iliyoyeyuka ikipozwa haraka au mvuke wake ukigandishwa juu ya bamba lenye joto la wastani. Hiyo hung'aa kama kioo cheusi na ikiwa nyembamba huonekana nyekundu. Gizani karibu haipitishi umeme kabisa, na kwa kuwa watafiti wa wakati ule walikuwa wakitafuta mkondo wa kupima, waliipita na kuikimbilia ya kijivu, ambayo ndiyo iliyoingia katika vipima mwanga vya wapiga picha. Ilichukua zaidi ya miaka 70 kabla ya mtu kuona kwamba ukaidi wa ile seleni ya kioo ndio uliokuwa ukitafutwa.

Astoria, 1938

Chester Carlson, aliyezaliwa Seattle mwaka 1906, alisomea fizikia katika chuo cha Caltech, kisha akafanya kazi katika idara ya hataza ya kampuni moja ya New York, ambako kila siku alihitaji nakala za michoro na maelezo ya uvumbuzi. Njia zilizokuwapo zilikuwa mbili: kuandika upya kwa mkono au taipureta, au kupeleka hati ikapigwe picha kwa gharama kubwa. Katika maktaba ya umma ya New York alisoma kazi za Pál Selényi, mwanafizikia wa Hungaria aliyekuwa akichora picha kwa kurusha chaji juu ya kihami na kukinyunyizia unga. Carlson aliongeza wazo moja: kihami kikiwa cha aina inayopitisha umeme inapomulikwa, kinaweza kuchajiwa chote kwa pamoja, kisha kikaangaziwa kivuli cha hati, ili chaji iondoke kwenye sehemu zenye mwanga na kubaki chini ya kivuli cha herufi.

Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga huko Astoria, kitongoji cha jiji la New York, Carlson na msaidizi wake Otto Kornei, mwanafizikia mkimbizi kutoka Austria, walilifanyia wazo hilo jaribio. Kornei alikuwa ameandika kwa wino kwenye kipande cha kioo cha hadubini tarehe ya siku hiyo na jina la Astoria. Walifunga mapazia, wakasugua kwa kitambaa bamba la zinki lililopakwa salfa hadi likachajiwa, wakaweka kile kioo juu yake, na kukimulika kwa taa kali kwa sekunde chache. Kioo kilipoondolewa na bamba kunyunyiziwa unga laini wa spora za mmea uitwao likopodi, kisha unga uliozidi ukapulizwa kwa pumzi, maandishi yalibaki yakisomeka. Carlson akayahamishia kwenye karatasi yenye nta, akaipasha moto, na nakala ya kwanza ikapatikana.

Hataza ilitolewa mwaka 1942, lakini salfa ilikuwa nzito kuitikia mwanga, chaji ya kusugua kwa mkono haikuwa sawa kila mahali, na nakala zilikuwa na ukungu. Kampuni zilizoonyeshwa jaribio hilo ziliona unga na bamba la zinki, hazikuona mashine.

Columbus na seleni ya kioo

Mwaka 1944 taasisi ya utafiti ya Battelle, iliyoko Columbus katika jimbo la Ohio, ilikubali kuuendeleza uvumbuzi huo, na kuanzia mwaka 1947 Haloid, kampuni ndogo ya karatasi za picha ya mjini Rochester iliyoongozwa na Joseph Wilson, ikaanza kuugharamia kwa mkataba. Watafiti wa Battelle waliondoa kitambaa cha kusugulia na badala yake wakatumia waya mwembamba wenye volti elfu kadhaa, ambao hupasua hewa iliyouzunguka na kumimina ayoni zake juu ya bamba kwa usawa. Mafundi wa fotokopi hadi leo huuita waya wa korona. Walitengeneza pia unga mpya wa plastiki iliyochanganywa na masizi, ambao leo huitwa tona, wakauchanganya na punje kubwa kidogo ili misuguano kati yao iupe unga chaji ya kinyume na ile ya bamba.

Badiliko lililoamua hatima ya mradi lilitoka kwa mtafiti William Bixby, aliyejaribu kuweka seleni mahali pa salfa kwa kuivukiza katika ombwe na kuiacha igande juu ya metali kama utando mwembamba. Utando huo ulikuwa amofasi, na uliitikia mwanga kwa wepesi uliozidi salfa mara nyingi sana. Ubora wake ulitokana na sifa tatu zilizokutana mahali pamoja: gizani ulishika chaji kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwenye mwanga uliiachia papo hapo, na kwa kuwa haukuwa na fuwele wala mipaka kati ya fuwele na fuwele, ambayo ingekuwa njia za panya za chaji kutorokea, ulikuwa na tabia moja katika eneo lake lote. Mada ya fuwele yenye ukubwa wa karatasi nzima na isiyo na dosari ingekuwa ghali mno. Mada amofasi, kwa kukosa kwake mpangilio, ilikuwa sawa kila mahali.

Tarehe 22 Oktoba 1948, miaka kumi kamili baada ya jaribio la Astoria, njia hiyo ilionyeshwa hadharani mjini Detroit katika mkutano wa chama cha wanasayansi wa mwanga wa Marekani, ikiwa na jina jipya la zerografia, lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya maandishi makavu.

Chaji kwa hesabu

Ukubwa wa chaji iliyohusika unaweza kukadiriwa kwa hesabu fupi. Utando wa seleni wenye unene wa mikromita 50, yaani sehemu 50 za elfu za milimita, ukichajiwa hadi volti 800, hubeba usoni takribani kulombi 0.0009 kwa kila mita mraba. Kiasi hicho ni sawa na zaidi ya chaji za msingi bilioni tano katika kila milimita mraba, lakini milimita mraba hiyo ina atomi za seleni zinazokaribia trilioni kumi, kwa hiyo panapatikana chaji moja kwa kila atomi zipatazo 2,000. Picha nzima ya hati, pamoja na herufi na mihuri yake, hushikiliwa na ziada hiyo ndogo.

Ingawa ni ndogo, chaji hiyo isingeweza kukaa juu ya kihami kilichosimama peke yake, kwa sababu hewa huanza kutoa cheche uga wa umeme unapofika volti milioni 3 kwa mita, na kiwango hicho hufikiwa chaji ikiwa bado haijafika hata sehemu moja ya ishirini ya ile iliyotajwa. Siri iko chini ya utando: seleni imelazwa juu ya alumini iliyounganishwa na ardhi, na kila chaji chanya iliyo juu huvuta chaji hasi inayolingana nayo katika alumini iliyo chini, hivyo kwamba uga wote, ambao unafika volti milioni 16 kwa mita, unabanwa ndani ya seleni na hewa iliyo juu haiuoni.

Mbano huo ulileta kasoro iliyowasumbua wahandisi kwa miaka kadhaa. Kwa kuwa uga hujitokeza nje ya utando pale tu msongamano wa chaji unapobadilika ghafla, tona ilishika vizuri kingo za herufi, lakini eneo pana lililopaswa kuwa jeusi tii lilitoka na kingo nyeusi na katikati nyeupe. Barua zilinakiliwa vizuri, picha hazikunakilika. Dawa ilikuwa kuweka bamba la metali karibu sana na uso wa seleni wakati wa kunyunyizia tona, ili uga uvutwe kutoka ndani ya utando na kuelekea nje katika eneo lote lenye chaji.

Mwanga unapofika, kila chembe yake inayomezwa na seleni karibu na uso huachanisha elektroni na nafasi iliyokuwa imeikalia, ambayo wanafizikia huiita tundu na ambayo husafiri kama chaji chanya. Elektroni hupanda na kubatilisha chaji chanya iliyo usoni, na tundu hushuka kupitia unene wote wa utando hadi kwenye alumini. Katika seleni amofasi matundu husafiri kwa wepesi zaidi kuliko elektroni, na ndiyo sababu seleni ilichajiwa chanya: ingechajiwa hasi, wale wasafiri wazito ndio wangepewa safari ndefu.

Mashine ya 914

Kampuni ya Haloid, ambayo mwaka 1958 iliongeza neno Xerox kwenye jina lake na mwaka 1961 ikabaki na Xerox peke yake, ilitangaza mashine yake ya 914 mjini New York tarehe 16 Septemba 1959. Nambari hiyo ilitokana na ukubwa wa karatasi iliyoweza kunakili, inchi 9 kwa 14. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 294, na ilitoa takribani nakala saba kwa dakika kwenye karatasi ya kawaida. Ndani yake lilizunguka dramu la alumini lililofunikwa na seleni amofasi, likipita chini ya waya wa korona, mbele ya mwanga wa hati, katika mnyunyizo wa tona na juu ya karatasi, kisha likasafishwa kwa brashi na kuanza upya. Hita ya kuyeyushia tona iliweza kuunguza karatasi iliyokwama, kwa hiyo mashine zilipelekwa kwa wateja pamoja na kifaa kidogo cha kuzimia moto.

Wateja hawakutakiwa kuinunua, bali waliikodi kwa dola 95 kwa mwezi zikiwemo nakala 2,000, na idadi ya nakala walizotoa ilipita kwa mbali makadirio ya awali. Carlson alipata utajiri mkubwa, akautoa sehemu kubwa kwa misaada, mara nyingi bila kutaka jina lake litajwe, na akafariki dunia mwaka 1968.

Tabia za seleni zilionekana hata kwenye meza ya karani. Kwa kuwa seleni amofasi huitikia vizuri mwanga wa buluu na kijani lakini haiutambui mwekundu, maandishi ya wino wa buluu hafifu yalipotea kwenye nakala kana kwamba yalikuwa karatasi tupu, ilhali muhuri mwekundu ulitoka mweusi kabisa. Seleni hiyo pia huanza kulainika kwenye joto la nyuzi arobaini na kitu tu, na ikiachwa kwenye joto atomi zake hujipanga taratibu na kuwa fuwele za kijivu ambazo hazishiki chaji; sehemu hizo za dramu zilitoa mabaka yasiyofutika. Wahandisi waligundua kwamba aseniki kidogo, isiyofika hata asilimia moja, huunganisha minyororo ya atomi za seleni na kuizuia isijipange, na kwamba teluri huipa uwezo wa kuona mwanga mwekundu.

Nadharia inafuata nyuma

Wakati 914 ikiingia maofisini, fizikia ya mada ngumu ilikuwa bado ni fizikia ya fuwele. Nadharia ya namna elektroni zinavyosafiri ilijengwa juu ya dhana ya safu zinazojirudia, na pasipo safu hizo hapakuwa na msingi wa kuanzia. Dalili za mabadiliko zilionekana katika miaka ya 1950: huko Leningrad, Boris Kolomiets na Nina Goryunova walionyesha kwamba vioo vyenye seleni, salfa au teluri vina tabia za vipitishi nusu, yaani mada zilizo kati ya metali na vihami, huko Uingereza, Walter Spear alipima mwaka 1957 muda ambao chaji hutumia kuvuka utando wa seleni amofasi, na mwaka 1958 Mmarekani Philip Anderson alithibitisha kihisabati kwamba vurugu ya atomi ikizidi kiasi fulani, elektroni hunaswa mahali pamoja na haisafiri tena.

Uthibitisho huo ulitoa jibu la swali lililokuwa limeachwa tangu siku za chupa ya Leiden. Katika mada amofasi ziko nafasi nyingi za nishati ambazo wanafizikia huziita mitego, zinazotokana na viungo vya atomi vilivyopinda au kukatika, na chaji inayoingia humo hukaa hadi joto au mwanga uitoe. Mtego usio na kina huishikilia kwa sehemu ndogo ya sekunde, na wenye kina kirefu huishikilia kwa saa au siku. Nevill Mott wa Cambridge alizikusanya hoja za namna hiyo katika nadharia pana ya mada amofasi, na mwaka 1977 yeye, Anderson na John Van Vleck walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Mchango mmoja mkubwa ulitoka katika maabara za kampuni ya fotokopi yenyewe. Vipimo vilikuwa vimeonyesha kwamba katika baadhi ya mada za dramu kundi la chaji lililoondoka pamoja halifiki pamoja, na kwamba kadiri utando unavyokuwa mnene ndivyo kasi ya wastani inavyozidi kupungua, jambo lisilotokea kwenye fuwele. Mwaka 1975 Harvey Scher wa Xerox na mwanahisabati Elliott Montroll walieleza kwamba chaji hizo ni kama abiria waliopanda daladala mbalimbali kutoka kituo kimoja, ambapo baadhi ya magari hukaa vituoni dakika moja na mengine nusu saa, na kadiri safari inavyorefuka ndivyo kila gari linavyozidi kuwa katika hatari ya kukutana na kituo cha kukaa sana. Hesabu yao ilitumika baadaye hata katika utafiti wa mtiririko wa maji chini ya ardhi na mwendo wa molekuli ndani ya seli.

Baada ya seleni

Dramu za seleni zilianza kuachwa kuanzia miaka ya 1970. Printa za leza, ambazo wazo lake lilianzishwa na Gary Starkweather wa Xerox mwishoni mwa miaka ya 1960, hatimaye zilitumia leza ndogo za mwanga ulio karibu na mwekundu au usioonekana, ambao seleni haiuitikii. Aidha, seleni na aseniki ni sumu zinazotakiwa kutupwa kwa uangalifu. Nafasi yake ilichukuliwa na tabaka za plastiki zenye molekuli zinazoitikia mwanga, na katika mashine za kazi nzito na silikoni amofasi, ambayo Spear na Peter LeComber wa Chuo Kikuu cha Dundee walikuwa wameonyesha mwaka 1975 kwamba upitishaji wake unaweza kuongozwa kwa kuichanganya na elementi nyingine. Dramu nyingi zilizomo leo katika maduka ya steshenari ni za plastiki, nazo kwa kawaida huchajiwa hasi, lakini hatua zake ni zile zile za Carlson.

Seleni amofasi yenyewe ilihamia hospitalini. Kwa kuwa atomi zake ni nzito kiasi cha kunasa eksirei, na kwa kuwa chaji inayozalishwa ndani yake hufuata uga moja kwa moja hadi usoni bila kutawanyika pembeni, katika miaka ya 1970 ilitumika kupiga picha za matiti kwa karatasi na unga wa buluu, na baadaye ikawa kiini cha vipokezi vya kidijitali vya mamografia, ambamo tabaka lenye unene wa takribani mikromita 200 hulazwa juu ya mamilioni ya swichi ndogo zinazosoma chaji ya kila nukta.

Katika haya yote chaji ya uso ilikuwa ikihesabiwa kana kwamba imetanda sawasawa, na ilikuwa ikiaminika kwamba vitu viwili vikigusana na kuachana, kimoja huwa chanya kote na kingine hasi kote. Mwaka 2011 kundi la watafiti lililoongozwa na Bartosz Grzybowski katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, lilichunguza nyuso za plastiki zilizogusanishwa kwa hadubini inayopima volti ya sehemu ndogo mno, na kukuta kila uso ukiwa na mabaka chanya na mabaka hasi yaliyochanganyika. Chaji halisi inayopimwa ni tofauti tu kati ya jumla mbili zilizo kubwa zaidi, hivyo kwamba uso wenye msongamano mdogo unaweza kuwa na chaji nyingi zinazobatilishana.

Ugunduzi huo haukubatilisha hesabu za wahandisi wa fotokopi, kwa sababu mabaka hayo ni madogo kuliko nukta yoyote ya tona, lakini ulionyesha wazi mpaka wa nadharia. Chaji inayowekwa na korona na kuondolewa na mwanga sasa inaeleweka vizuri. Chaji inayotokana na kugusana, ambayo ndiyo inayoipa tona uwezo wa kushika herufi, bado inabishaniwa iwapo hubebwa na elektroni, na ayoni au na chembe za mada zinazobanduka kutoka uso mmoja kwenda mwingine. Watengenezaji wa tona hawakuusubiri ubishi huo uishe. Huchanganya plastiki yao na viungo vya kuongoza chaji, hupima matokeo kiwandani, kisha hurekebisha kipimo kwa kujaribu na kujaribu tena, kama walivyofanya wale wa Columbus kabla yao.